Picha za Safari: Mtaka Yote Hukosa Yote

Wazee wetu husema: Mtaka yote hukosa yote. Methali hiyo tuliijua tangu utoto, tena tumeifundisha mara nyingi katika somo la dini. Lakini maana yake tumeionja juzijuzi tu, tena kwa aibu. Wasomaji wapendwa, sikilizeni kwanza kisa chetu kidogo, halafu tutawasimulia mambo ya zamani yaliyotufungua macho.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulitoka Kalemie pamoja na waimbaji wa parokia, kwa mashua ya mota, tukaenda kuhiji Mpala. Wengi wenu mwapajua. Ndipo Kapteni Storms, Mbelgiji, alipojenga boma lake mwaka 1883 kando ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 Mapadri Weupe wakalipokea wakaanza misioni. Kwa kuwa telefoni yetu ilikuwa mpya, tuliwekwa kuwa mpiga picha wa safari. Kazi hiyo tuliifanya kwa bidii, bidii ya kupita kiasi. Kwa siku 3 tulipiga picha 640! Tulipiga mawimbi, milima, mashua, na mawimbi tena. Tulipiga ugali na migebuka kabla ya kula. Tulijipiga hata sisi wenyewe, mkono umenyoshwa mbele, mara nyingi kuliko tunavyotaka kukiri hapa.

Pamoja nasi alikuwapo mzee mmoja, mwimbaji wa sauti nzito tangu miaka mingi, aliyebatizwa palepale Mpala. Siku ya pili alisimama karibu na ukuta wa zamani, akaweka kiganja chake juu ya matofali, akatueleza jinsi babu yake alivyoyafinyanga na kuyabeba. Watu wote walinyamaza wakimsikiliza. Sisi nasi tulikuwa pale, telefoni mkononi.

Mwezi wa Desemba mzee yule akafariki. Jioni ile binti yake alikuja kwetu, akasema: «Mwalimu, tunaomba picha ya Baba, moja tu, tuiweke mbele ya sanduku. Tumesikia kwamba kule Mpala mlipiga nyingi.» Tukamjibu: «Mama, usiwe na shaka, zipo.» Tukakaa usiku ule kuzitazama moja moja. Tuliuona mkono wake, kofia yake, mgongo wake nyuma ya vichwa vya vijana. Uso wake mzima tuliuona mara moja tu, nao haukuonekana vizuri kwa sababu mashua ilikuwa ikitikisika. Lakini mawimbi ya ziwa tulikuwa nayo mara 97. Basi mbele ya sanduku la mzee ikawekwa ile picha ndogo ya kadi yake ya uchaguzi, iliyokuzwa mpaka macho yake yakawa kama madoa mawili.

Tangu siku hiyo tulijiuliza: Wasafiri wa zamani walikuwa na picha chache sana, je, walifanyaje hata wakaipata ile iliyotakiwa? Tukatafuta katika vitabu, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Zamani picha ilikuwa mzigo

Tarehe 19 Agosti 1839, huko Paris, ulitangazwa kwa watu wote ufundi wa Mfaransa Daguerre, wa kushika sura ya kitu kwa mwanga juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akaonyesha njia nyingine, ya kioo kilichopakwa dawa. Njia hiyo ilitoa picha safi sana, lakini masharti yake yalikuwa magumu. Kioo kilipaswa kutiwa dawa gizani, kuwekwa katika kamera, kupigwa picha na kusafishwa, na yote hayo kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo msafiri mpiga picha alichukua hema la giza, chupa za dawa, maji, na masanduku ya vioo. Alihitaji wanyama au wapagazi wa kumbebea.

Hivyo ndivyo alivyosafiri Mwingereza Francis Frith, aliyekwenda Misri na nchi za jirani mara tatu kati ya mwaka 1856 na 1860. Vioo vyake vikubwa kabisa vilikuwa na upana wa sentimeta 40 na urefu wa 50 hivi. Ndani ya hema lake joto lilizidi hata dawa ikatokota juu ya kioo. Je, mtu wa namna hiyo angeweza kupiga mawimbi mara 97? Hakuweza. Kila picha ilimtoa jasho, ikamla muda, ikaongeza uzito wa safari. Hivyo hakuwa na budi kutazama kwanza, kuchagua mahali pa kusimama, na kujiuliza kama jambo lile lastahili kioo kizima.

Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alitoa kisanduku kiitwacho Kodak. Ndani yake ilikuwamo filamu ya picha 100, na bei yake ilikuwa dola 25. Picha zikiisha, mwenyewe alikipeleka kisanduku kizima kiwandani Rochester pamoja na dola 10. Picha zikasafishwa na filamu mpya ikatiwa. Mwaka 1900 ikatoka Brownie, kwa dola 1 tu. Hapo ndipo watu wa kawaida walipoanza kusafiri na kamera. Hata hivyo wapiga picha wa kazi waliendelea kutumia vioo kwa miaka mingi. Mmoja wao ndiye aliyetupa fundisho kubwa kuliko wote.

Vioo 400 vilivyovunjwa

Jina lake Frank Hurley, mtu wa Australia. Mwaka 1914 alisafiri na Ernest Shackleton katika meli iitwayo Endurance, kwenda Antarktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia. Shackleton alitaka kulivuka bara lile kutoka bahari mpaka bahari. Walikuwa watu 28. Lakini Januari 1915, kabla hawajafika pwani, barafu ya bahari iliizunguka meli ikaibana, isiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ikakaa hivyo miezi 9.

Muda wote huo Hurley alipiga picha. Alipiga watu wakisugua sakafu kwa magoti. Alipiga mbwa wao waliokokota mizigo juu ya theluji. Usiku mmoja wa Agosti, katika giza la nchi ile, aliwasha baruti ya mwanga kama mara 20 kuizunguka meli, naye akaipata picha yake ikiwa nyeupe kwa barafu kama mzimu.

Tarehe 27 Oktoba 1915 barafu ilivunja mbavu za meli, na Shackleton akaamuru wote waiache. Vioo vya Hurley vilibaki ndani, chini ya maji yaliyochanganyika na barafu. Siku chache baadaye alirudi, akapasua ukuta wa mbao, akavua nguo, akajitosa katika maji yale, akayatoa masanduku yake. Vioo vilikuwa vizima, kwa kuwa vilifungwa katika makopo ya chuma yaliyozibwa sawasawa.

Mngedhani shida imekwisha. La, ndiyo kwanza ilianza. Watu wale walikuwa na mashua 3 ndogo tu za kuwafikisha salama, na mashua hizo walipaswa kuzikokota juu ya barafu kwa nguvu za mikono. Shackleton aliagiza kila mtu achukue vitu vyake vya uzito wa ratli 2 tu, yaani pungufu ya kilo 1. Yeye mwenyewe alitupa sarafu za dhahabu juu ya barafu mbele ya macho yao. Aliiacha hata Biblia waliyopewa na Malkia Alexandra, akachukua kurasa chache tu, mmoja wao ukiwa ule wa Zaburi ya Mchungaji. Lakini banjo ya mwenzao Leonard Hussey, iliyozidi uzito ule, aliamuru ichukuliwe. Alijua kwamba bila wimbo mioyo ya watu ingevunjika. Tazameni hekima hiyo: mwenye kuchagua vizuri hatazami uzito peke yake, hutazama pia faida.

Tarehe 9 Novemba Hurley na Shackleton waliketi pamoja juu ya barafu, wakavitazama vioo kimoja kimoja. Kilichokubaliwa kiliwekwa kando. Kilichokataliwa, Hurley alikivunja palepale, ili asije akashawishika baadaye kukirudia. Fikirini uchungu wake! Vioo vile alikuwa amevizamia katika maji ya barafu kwa hatari ya maisha yake. Hata hivyo alivunja kama 400, na vikabaki kama 120. Akaacha na kamera zake kubwa, akabaki na Kodak moja ndogo ya mfukoni na filamu 3. Kwa filamu hizo 3 ilimpasa kusimulia yote yaliyobaki.

Na yaliyobaki yalikuwa makubwa. Aprili 1916 walifika Kisiwa cha Elephant, mahali pasipo watu. Shackleton na wenzake 5 wakaondoka kwa mashua moja, James Caird, wakavuka zaidi ya kilometa 1,200 za bahari kali mpaka kisiwa cha South Georgia. Tarehe 30 Agosti 1916 Shackleton alirudi kwa meli ya Chile, Yelcho, akawachukua 22 waliobaki. Katika wale 28 hakufa hata mmoja. Na vioo vya Hurley navyo vilifika. Watu wa dunia nzima wameijua safari ile kwa vioo hivyo. Meli yenyewe ilionekana tena Machi 2022, chini ya maji meta 3,008, na jina lake likisomeka bado.

Kama Hurley angeshikilia vioo vyote 520, yaelekea angevipoteza vyote. Kwa sababu alikubali kuviacha vingi, tunavyo vichache mpaka leo. Je, hiyo siyo methali yetu yenyewe?

Lakini tusimpambe Hurley kupita kiasi. Alikuwa na kosa moja: alipenda kuzitengeneza picha zake baadaye ili zipendeze zaidi. Ile picha ya mashua ikiaga kisiwa mwezi wa Aprili ilirekebishwa, ikaonyeshwa kwa watu kana kwamba ni siku ya kuokolewa mwezi wa Agosti. Hapo si kuchagua tena, ni kudanganya. Mwenye kuchagua hupunguza maneno yake, lakini yale anayobakiza ni ya kweli.

Picha moja ya Baringa

Huenda wengine watasema: Hayo ni mambo ya nchi za barafu, yatuhusu nini sisi wa Kongo? Basi turudi nyumbani.

Mwaka 1898 Mwingereza Alice Seeley Harris alifika Kongo pamoja na mumewe John, wakiwa wamisionari wa Kiprotestanti. Nchi ilikuwa bado mali ya Mfalme Leopold II, na watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini. Mwezi wa Mei 1904, huko Baringa, mtu mmoja jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alikuja misioni na kifurushi cha majani. Alipokifungua, ndani ulikuwamo mkono na mguu wa mtoto wake Boali, msichana wa miaka 5 hivi, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR.

Mama Harris alimwomba Nsala aketi barazani, akapiga picha. Katika picha ile hakuna vita, hakuna bunduki, hakuna mlinzi. Yuko baba aliyeketi, anayatazama mabaki ya mtoto wake yaliyo mbele yake. Basi. Mwenye kuitazama hahitaji kuambiwa neno.

Picha hiyo na nyingine zilichapwa katika vitabu, zikaonyeshwa ukutani kwa taa ya picha katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Hatusemi kwamba picha peke yake ziliuangusha utawala ule. Kulikuwa na taarifa ya konsuli Roger Casement iliyotoka mwaka 1904, na maandishi ya Morel, na ushuhuda wa Wakongo wenyewe mbele ya tume ya uchunguzi. Lakini maneno waliweza kuyabisha. Picha ya Nsala iliwashinda. Tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha yote siku hiyo, lakini ule uongo wa kwamba hakuna kitu ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Na Nsala anajulikana kwa jina, na mtoto wake, na kijiji chake, na mwezi, na mwaka. Yaliandikwa. Picha ya mtu asiye na jina ni kama kaburi lisilo na msalaba: twajua kuna mtu, hatujui nani.

Mzigo ulipoondoka

Baadaye mzigo ule ukawa unapungua. Mwaka 1925 Wajerumani walianza kuuza kamera ndogo Leica, na filamu yake ya picha 36 ikawa desturi ya dunia nzima. Sisi tulio katika miaka yetu ya thelathini tunaikumbuka filamu hiyo. Siku ya Komunyo yetu ya kwanza mpiga picha wa mtaa alikuja na filamu moja kwa watoto wote. Alipotangaza: «Zimebaki 4!», mama zetu walitushika masikio, wakatufuta jasho, wakatunyosha shingo. Hatukufumba macho. Picha ile moja ipo ukutani kwa mama mpaka leo.

Mwaka 1975 fundi mmoja wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3 na zaidi, na ilihitaji sekunde 23 kuandika picha moja juu ya ukanda wa kaseti. Sasson aliupangia ukanda ule picha 30 tu, kwa kuwa watu walizoea filamu za 24 au 36. Hakujua bado kwamba ameufungua mlango usio na kikomo. Leo telefoni ya mfukoni hubeba maelfu ya picha, na kampuni yenyewe ya Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni Januari 2012.

Faida yake ni kubwa, hatuwezi kukana. Mama wa kijijini aliyekuwa hana hata picha moja ya watoto wake, leo anazo. Lakini zamani uzito, bei na idadi vilitufundisha kuchagua hata tusipotaka. Leo mwalimu huyo ameondoka darasani, nasi tumebaki kama watoto wanaocheza.

Tena kuna hasara nyingine. Mwaka 2014 mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, Linda Henkel, alitoa uchunguzi wake kuhusu watu waliotembezwa katika nyumba ya vitu vya sanaa. Vitu walivyopiga picha waliwakumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu kwa macho. Lakini waliposogeza kamera kwenye sehemu moja ya kitu na kuipiga hiyo, kumbukumbu haikupungua. Yaani kamera isiyochagua hutazama mahali petu, na sisi hatutazami. Kamera inayochagua hutulazimisha kutazama.

Tufanyeje basi?

Wasomaji wapendwa, hatuwaambii muache kupiga picha. Twawaambia mambo machache tuliyojifunza.

Kabla ya kuondoka, tujiulize: Tukirudi, watu watatuuliza nini? Watauliza juu ya wenzetu, na mahali pale, na yaliyotendeka. Tuanze na wazee, maana ziwa litakuwapo mwaka ujao, lakini mzee hatuna ahadi naye. Tumwombe ruhusa, tumsogelee, tungoje mashua itulie, tupige uso wake mzima. Kisha turudishe telefoni mfukoni tusikilize anachosema.

Kila jioni tufanye kama Hurley na Shackleton. Tukae wawili, kwa sababu mtu peke yake hujionea huruma, tutazame picha za siku, tufute zisizo na kazi. Telefoni si mashua ya barafu, ni kweli, haizami kwa uzito. Lakini picha njema iliyozikwa chini ya 600 imepotea kama iliyozama.

Mwisho, zile chache zilizobaki tuzichapishe kwenye karatasi, na nyuma ya kila moja tuandike jina la mtu, mahali na tarehe. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Telefoni huibwa, huanguka majini, hufa. Karatasi yenye jina hukaa.

Agosti hii tumerudi Mpala na waimbaji. Binti wa mzee yule alikuwa pamoja nasi. Tulimwomba asimame karibu na ukuta ule ambapo baba yake alisimama, naye bila kuambiwa akaweka kiganja juu ya matofali. Tulipiga picha moja. Ya pili tulitaka kuipiga, tukaacha, kwa maana alikuwa ameanza kuwaeleza watoto habari za babu wa babu yao, na sisi tulitaka kusikia.

Safari hii tumerudi na picha 31. Kila moja ina jina.